Uzi wa Gita na Maji ya Rohini: Matembezi katika Hekalu la Wabuddha

(Mazungumzo ya redio, yameandikwa kwa ajili ya familia zilizohamishwa na viongozi wa mitaa na vijiji, Kambove na Likasi)

Mazungumzo ya leo yanawahusu ninyi viongozi kuliko mnavyodhani, kwa hiyo msizime redio.

Leo tunawaalika katika nyumba ya ibada ambayo wengi wenu hamjapata kuiona, yaani hekalu la Wabuddha. Mkatoliki atabaki Mkatoliki, Mmetodisti atabaki Mmetodisti, Mwislamu atarudi msikitini kwake. Tunakwenda kama wageni wenye adabu, kutazama namna watu wengine walivyofikiri juu ya jambo linalotusumbua sisi hapa: kuishi kwa kiasi, mwenyeji na mgeni katika mtaa mmoja, bila mmoja kumlemea mwenzake mpaka waachane kwa ugomvi.

Huenda mzee mmoja aliyekaa karibu na redio anauliza: Wabuddha na Kambove, wapi na wapi? Mzee, vumilia. Kambove na Wabuddha wana habari nzito kati yao, na nitaisema kabla muda wetu haujaisha.

VUA VIATU MLANGONI

Kuona hekalu la Wabuddha si lazima kwenda Asia. Dar es Salaam kuna hekalu tangu wakati wa ukoloni, lililoanzishwa na Wasinhala waliotoka kisiwa cha Ceylon, ambacho sasa kinaitwa Sri Lanka. Nairobi nako lipo. Lakini sisi tutakwenda Uganda, karibu na Entebbe, upande wa Garuga, si mbali na Ziwa Victoria. Pale pana kituo cha Wabuddha kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtu wa Kampala. Alizaliwa mwaka 1966, akaitwa Steven Kaboggoza, akalelewa katika ukatoliki. Mwaka 1990 alikwenda India kusoma chuo kikuu, na huko akakutana na watawa wa Kibuddha, akavutwa na utulivu wao. Mwaka 2002, huko Marekani, akawekwa kuwa mtawa na kupewa jina la Buddharakkhita. Aliporudi kwao na vazi lake la kitawa na kichwa kilichonyolewa, watu walimshangaa barabarani. Wengine walimdhania mganga. Fikirini kidogo: mtu yuko katika nchi yake, anasema lugha ya mama yake, na bado anatazamwa kama kitu kigeni. Wengi mnaonisikiliza mnaijua hali hiyo.

Ukifika mlangoni, vua viatu. Viatu vya bwana mkubwa vinakaa chini pamoja na kandambili za kijana. Ndani utaona sanamu ya Buddha amekaa, miguu imekunjwa. Wabuddha hawasemi kwamba yeye ndiye aliyeumba dunia. Wanasema alikuwa mtu kama sisi, Siddhartha Gautama, aliyezaliwa upande wa Nepal ya leo yapata miaka 2,500 iliyopita, akatafuta sababu ya mateso ya watu na dawa yake. Utakaa chini, sakafuni. Usinyooshe nyayo zako kuelekea sanamu, maana kwao hiyo ni kukosa heshima, kama vile sisi tusivyompa mkubwa kitu kwa mkono wa kushoto.

Kisha utapewa kazi inayofanana na mchezo wa mtoto. Utaambiwa uangalie pumzi yako ikiingia na kutoka. Usiivute kwa nguvu, usiizuie. Baada ya muda mfupi utaona kwamba hukuiangalia tena: umekwenda kwenye parseli uliyoiacha, kwenye mtoto anayekohoa, kwa yule jirani aliyekutukana jana kwenye robine. Hukatazwi kumkumbuka. Unamwona, unasema moyoni “nimekumbuka tusi”, unarudi kwenye pumzi. Atakuja tena, utamwona tena, utarudi tena. Hiyo ndiyo kazi yote, na watawa huifanya miaka mingi bila kuimaliza. Faida yake ni ndogo lakini ni ya kweli: kati ya kusikia tusi na kurudisha tusi, unapata nafasi kidogo ya kufikiri.

Hapa niseme neno kwa wale waliokimbia usiku, walioona moto na damu. Mkijaribu jambo hili, picha za vita zinaweza kurudi kwa nguvu. Msijilazimishe. Fumbua macho, simama, utembee polepole ukihisi udongo chini ya mguu. Hata Wabuddha wenyewe wanafanya ibada yao wakitembea. Na kama picha hizo hazikuachi, haziachi watoto walale, tafuta mtu wa kuzungumza naye, muuguzi au kiongozi wa dini unayemwamini.

Jambo jingine utakaloliona hekaluni ni bakuli la mtawa. Watawa wa desturi hii hula kabla ya adhuhuri tu, na hula kile walichopewa na watu. Mtawa haagizi nyama wala hakatai majani, anapokea. Basi yeye aliye mwalimu anaishi kwa mkono wa jirani kila siku. Na kituo kile cha Uganda nacho kilichimba kisima, majirani wakapata maji safi, pamoja na wale wasiotaka hata kusikia habari za Buddha. Chakula kinaingia mlangoni, maji yanatoka. Mama uliyepokelewa katika nyumba ya mtu, angalia hapo. Kupokea si aibu, lakini tafuta mapema kitu cha kutoka kwako, hata kama ni kufagia ua au kuwaangalia watoto wa mwenyeji anapokwenda sokoni.

UZI WA GITA

Kuna hadithi ya zamani ya mtawa mmoja kijana, jina lake Sona. Alikuwa mtoto wa tajiri, alilelewa kwa ulaini hata nyayo zake zikawa laini. Alipoingia utawa alitaka kushinda wote kwa bidii. Akatembea akitafakari, akaenda na kurudi mpaka nyayo zikachanika na njia ikawa na damu. Hakupata amani aliyoitafuta. Akakata tamaa, akaanza kuwaza kurudi kwao. Buddha akamjia, akamwuliza habari za zamani, maana Sona alikuwa mpigaji hodari wa kinanda cha nyuzi. Nyuzi zikikazwa mno, kinanda kilikuwa kinalia vizuri? Sona akasema hapana. Na zikilegea mno? Hapana vilevile. Basi, akaambiwa, na bidii ni hivyohivyo.

Likasi hatuna haja ya kufundishwa habari za nyuzi. Ni hapa, mwaka 1952, mji ulipokuwa ukiitwa Jadotville, Hugh Tracey alipomrekodi Mwenda Jean Bosco na gita lake, na “Masanga” yake ikasikika mbali na Katanga. Kila mpiga gita atakuambia kwamba uzi haukazwi mara moja ukaisha. Jua likipanda, uzi unabadilika. Ukipiga sana, unabadilika. Mpiga gita anasikiliza, anageuza kidogo, anasikiliza tena.

Sasa tuingie nyumba ya mama mmoja wa Kambove, tuseme ni mama wa watoto watano na vyumba viwili. Ndugu wa mume wake wamefika kutoka mahali pa vita, watu sita. Wiki ya kwanza mama huyu anatoa kila kitu: meka ya unga inayotosha siku mbili anaipika bukari siku moja, analala sakafuni, anasema “karibuni, hapa ni kwenu”. Huo ni uzi uliokazwa mno. Mwezi wa pili umekatika: ananuna, anaficha unga, anasema maneno makali mbele ya watoto, na siku moja anatupa vitu vya wageni nje. Watu watasema ni mama mbaya. Mimi nasema hakuwa mbaya, alianza kwa sauti ambayo hakuna uzi unaoweza kuishika.

Na mgeni? Kuna mgeni aliyelegea, anayekaa akingoja kuhudumiwa kwa sababu ameteseka. Ni kweli ameteseka, lakini mateso yake hayajazi maji katika bido. Kuna pia mgeni aliyekazwa mno, asiyeomba kitu, anayemeza uchungu kimyakimya mpaka unamtoka kama ugonjwa. Wote wawili wanahitaji mazungumzo ambayo kwa desturi yetu tunayaonea haya. Wiki ya kwanza, kabla ya uchungu, kaeni chini mseme wazi: chumba gani, nani ananunua makala, nani anakwenda majini, tutaangalia tena lini. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali nzuri, ila inasahau kwamba jembe bila udongo ni chuma tu. Anayempa mgeni jembe amwonyeshe na kipande cha kulima, na hiyo ni kazi ya shefu kabla ya kuwa kazi ya mama mwenye nyumba.

Najua mtu fulani ananijibu huko aliko: “Habari za kiasi ni za walioshiba. Mimi nipunguze nini, nami sina kitu?” Ana haki. Buddha mwenyewe aliacha jumba la kifalme kwa hiari yake, ninyi hamkuchagua. Tena alipokwisha kuondoka alijaribu kujinyima chakula mpaka akabaki mifupa, akaona kwamba njia hiyo haifiki popote, akakubali kula. Na wanasimulia kwamba siku moja watu walikusanyika kumsikiliza, naye akakaa kimya, akingoja. Alikuwa anamngojea maskini mmoja aliyekuwa porini akitafuta ng’ombe wake aliyepotea. Maskini akafika, amechoka, ana njaa. Buddha akauliza kama chakula kimebaki, akaagiza apewe ale kwanza. Alipokwisha kula ndipo mafundisho yakaanza. Wafuasi wakanung’unika kwamba mwalimu ameangalia habari za chakula cha mtu mmoja. Viongozi wanaopenda kuwakusanya watu waliohamishwa tangu asubuhi wawahubirie umoja, wakati sufuria haijapanda motoni, waikumbuke hadithi hii.

MAJI YA MTO ROHINI

Hadithi ninayotaka ikae kwenu ni ya maji. Kati ya makabila mawili ya India ya kale, Wasakya na Wakoliya, ulipita mto Rohini. Walikuwa ndugu kwa ndoa. Buddha mwenyewe alikuwa na damu ya pande zote mbili. Walijenga boma moja la kuzuia maji, wakamwagilia mashamba pande zote. Mwaka mmoja kiangazi kikawa kikali, mazao yakaanza kunyauka. Wafanyakazi wa mashamba wakakutana mtoni. Hawa wakasema: maji haya hayatoshi wawili, mtuachie sisi, mazao yetu yanahitaji kumwagiliwa mara moja tu. Wale wakasema: na sisi vilevile. Mmoja akampiga mwenzake, naye akarudisha.

Angalieni jinsi moto ulivyopanda. Baada ya ngumi yalikuja matusi, na matusi hayakuhusu maji tena. Walitukanana asili: ninyi mababu zenu waliishi kama mbwa na mbweha, ninyi mababu zenu walikuwa wenye ukoma wakikaa ndani ya mti. Wafanyakazi wakawaambia wasimamizi, wasimamizi wakawaambia wakubwa, wakubwa wakawaambia watu wa ukoo wa kifalme. Kila habari ilipopanda ngazi moja, maji yalipungua ndani yake na matusi yakaongezeka. Mwishoni majeshi mawili yalitoka na silaha.

Buddha akafika katikati, akawauliza wakubwa: mnagombania nini? Hawakujua! Wakasema pengine jemadari anajua. Jemadari akasema pengine aliye chini yangu. Waliulizana hivyo, kutoka mkubwa kwenda mdogo, mpaka wakawafikia wafanyakazi wa shamba, nao ndio waliosema: ni maji. Ndipo Buddha akauliza maji yana thamani gani, nao wakasema ndogo. Na damu ya watu hawa? Hiyo haina bei. Vita vikazimika.

Wengi wanapoisimulia hukaza lile swali la mwisho. Mimi naona swali la kwanza ndilo lenye kazi. Mtu mwenye amri ya vita alilazimika kushuka ngazi zote mpaka kwa yule mwenye jembe ili ajue chanzo. Mwezi wa tisa na wa kumi, kabla ya mvua, robine zetu zinatoa maji kidogo, na foleni ya bido inaanza kabla ya alfajiri. Mama mwenyeji anasema: “Tangu hawa waje, hatupati maji.” Mama aliyehamishwa anasema: “Wanatunyima kwa sababu ya kabila letu.” Shefu, habari hiyo ikikufikia jioni, imekwisha kupita midomo mitano, nayo inaitwa tayari ugomvi wa makabila. Usiitishe mkutano wa makabila. Nenda kwenye robine saa kumi na moja alfajiri, hesabu bido, uliza nani alifika lini. Mara nyingi utakuta ni saa za kufungua, ni mtu mmoja anayeuza nafasi kwenye foleni, ni bomba linalovuja. Weka wamama wawili wa upande huu na wawili wa upande ule waandike zamu. Bomba likihitaji kutengenezwa, wasio na franka wachange kwa kuchimba.

Hivyohivyo kwa msaada unapokuja. Jetoni zikigawiwa kwa waliohamishwa peke yao, na mwenyeji aliyelisha watu sita miezi mitatu hapati kitu, hapo umepanda chuki kwa mkono wako. Na kiongozi anayeuza jetoni, au anayeandika majina ya shemeji zake, huyo ajue kwamba ugomvi wa makabila wa kesho ameuanzisha yeye kwa kalamu. Wachimbaji wa mikono wananielewa: wanajua mizani ya mnunuzi inavyoweza kuonyesha kilo pungufu, na wanajua hasira inayotoka hapo.

HEKALU PEKE YAKE HALITOSHI

Ingekuwa uongo kuwaambia kwamba mahali penye hekalu pana amani. Myanmar ni nchi ya Wabuddha wengi. Kuanzia Agosti 2017 jeshi lake liliwafukuza Waislamu wa Rohingya, zaidi ya watu 700,000 wakakimbilia Bangladesh, na kabla ya hapo kulikuwa na watawa waliokuwa wakihubiri chuki dhidi ya Waislamu. Watu wanaofundishwa kutodhuru hata mdudu.

Mdudu. Neno hilo tunalijua hapa. Mwaka 1992, baada ya ugomvi wa wanasiasa juu ya kiti cha waziri mkuu, watu wenye asili ya Kasai walianza kuitwa bilulu, wadudu, hapa Katanga. Wengi wao walikuwa wamezaliwa huku. Wazazi na babu zao waliletwa na reli na kazi ya migodi. Septemba mwaka ule moto uliwaka Likasi. Nyumba zilivamiwa, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia kituo cha treni na mashule, wakakaa majuma na miezi wakingoja treni. Watoto na wazee walikufa pale kituoni na njiani. Wengi wa waliofukuza walikuwa Wakristo, na wengi wa waliofukuzwa pia. Jumapili moja kabla walikuwa wameketi benchi moja.

Je, waliobaki walitajirika? Gécamines, iliyokuwa inatoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, mwaka 1994 ilitoa chini ya tani 50,000. Sababu zilikuwa nyingi na zilianza kabla, hatuwezi kuzitia zote katika kufukuza watu. Lakini yule aliyeambiwa “wakiondoka hawa, kazi itakuwa yako” alirithi kiti kwenye ofisi isiyolipa mshahara. Na miaka ya 2016 na 2017, vita vya Kamuina Nsapu vilipowatoa watu zaidi ya milioni 1 katika nyumba zao huko Kasai, wako waliotafuta tena njia ya kuja huku, kwa treni ileile.

Kwa viongozi, nina habari ya mfalme mmoja. Ashoka alitawala sehemu kubwa ya India yapata miaka 260 kabla ya Kristo. Aliishambulia nchi ya Kalinga, akaishinda. Baadaye akafuata mafundisho ya Buddha, akafanya jambo ambalo wafalme hawafanyi: aliandika juu ya mawe hesabu ya ubaya wake, watu 100,000 waliouawa, na 150,000 waliohamishwa kwa nguvu, akasema anajuta. Ni nani mwingine kati ya washindi aliyewahesabu waliohamishwa? Maandishi hayo yalichongwa sehemu nyingi za nchi yake. Lakini huko Kalinga kwenyewe, kwenye mawe ya Dhauli na Jaugada, maneno hayo ya majuto hayapo. Badala yake aliwachongea maagizo kwa maofisa wake, wawatendee watu kwa haki, wasimfunge mtu bila sababu.

Wenye elimu wanaeleza kwamba labda hakutaka kutonesha kidonda. Inawezekana. Maofisa wenye haki ni kitu, na huenda Mkalinga aliyetoka kifungoni alikipenda kuliko majuto ya mfalme. Hata hivyo mimi naona uzi wake ulilegea hapo. Alikiri mbali, mbele ya watu asiowadhuru. Sisi nasi tunalaani mabaya ya mwaka 1992 katika hotuba za Kinshasa na za Ulaya. Pale kituo cha treni cha Likasi, mbele ya mama aliyemzika mtoto wake pale, ni kiongozi gani wa mtaa amesimama akasema: hili lilitendeka, na watu wetu ndio walilitenda? Hana haja ya kuita makamera. Aanze na jirani mmoja na nyumba moja.

NGAZI ZA HIROSHIMA

Sasa, mzee uliyeuliza mwanzoni, habari yako imefika. Katika teritwari yetu hii ya Kambove kuna Shinkolobwe. Mawe ya urani yaliyochimbwa pale wakati wa Wabelgiji yalisafirishwa mpaka Marekani. Tani zaidi ya 1,000 zilikuwa tayari New York mwaka 1940. Mawe hayo ndiyo yaliyotoa sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima, Japani, tarehe 6 Agosti 1945. Kufikia mwisho wa mwaka ule watu wapata 140,000 walikuwa wamekufa. Wababa waliochimba hawakuambiwa mawe yanakwenda kufanya nini. Wenyewe Shinkolobwe hawakupona na historia hiyo: mwaka 2004 serikali ilipofunga mgodi, makazi ya wachimbaji yaliondolewa, nao wakawa watu wa kutafuta pa kwenda.

Hiroshima kuna mtaa unaoitwa Teramachi, maana yake mji wa mahekalu. Katika hekalu moja la hapo, Hosenbo, umbali wa mita 1,130 tu kutoka chini ya pale bomu lilipopasukia, ulikuwapo mti wa ginkgo, mti wa majani kama pepeo dogo. Hekalu liliharibiwa kabisa. Mti uliungua, lakini ukachipua.

Wenye hekalu walipotaka kujenga upya kwa ukamilifu, mwaka 1994, mti ulikuwa umesimama mbele, palepale ngazi za kuingilia zilipotakiwa kupita. Shauri la kwanza lilikuwa kuukata au kuuhamisha. Mnaweza kuwaelewa: hekalu ni la ibada, ngazi zinatakiwa kwenda moja kwa moja. Mwishowe waliubadilisha mchoro. Ngazi zikagawanyika, zikapita kushoto na kulia kwa mti, zikauzunguka kama mikono miwili. Mwenye kwenda kusali hupinda kidogo.

Nimeitafakari sana picha hiyo, nikijiuliza katika Kambove nani ni mti na nani ni ngazi. Mwenyeji atasema yeye ni mti, maana alikuwapo kwanza. Aliyehamishwa atasema yeye ndiye, maana ndiye aliyeungua akabaki hai. Sikupata jibu, nami nimeacha kulitafuta, kwa sababu wale wajenzi hawakuanza na swali hilo. Waliupima mti upana wake, wakapima uwanja, wakachora upya.

Muda wetu umekwisha. Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri, mashefu wanaotaka kuhesabu bido kwenye robine za mitaa yao wachukue daftari na kalamu, na waende na mama mmoja wa kila upande.